Wateja Hewa

Nesi wetu alirudi na neno hilo kutoka kikao cha wilaya, kama mtu anavyorudi na mafua. Aliingia zahanati, hakuvua hata koti, akasema, "Wanasema tuna wateja hewa."

Nilikuwa nadeki chumba cha sindano. Nikamuuliza, "Hewa namna gani?"

"Hewa kama watumishi hewa. Majina yapo, watu hawapo. Sindano za uzazi wa mpango tunazoandika zimezidi wanawake wenyewe wa kijiji. Kwa hiyo ama tunauza dawa, ama tunapika takwimu. Keshokutwa wanakuja kuhakiki."

"Si tutawaonyesha rejesta?"

"Rejesta wameshaiona. Sasa wanataka watu. Wanachagua majina, wanakwenda mpaka nyumbani, wanauliza: mama, ni kweli unachoma sindano pale zahanati?"

Nikaliacha dekio kwenye ndoo.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, sisi tunaopita majumbani kuuliza nani mjamzito, nani anaharisha, nani hajapeleka mtoto chanjo. Mimi ni Mnyakyusa, kwetu ni Mbeya, upande wa Rungwe. Huku Mufindi nimekuja kwa kuolewa. Kidato cha nne nimekipata ukubwani kwa masomo ya jioni, nikitoka shambani naosha miguu tu naenda darasani, na mwanangu wa kwanza akinicheka kwamba mama anafanya hesabu kwa kunong'ona. Nilipomaliza nikapelekwa Mbeya mjini kwa mafunzo, na siku ya mwisho tukaapishwa kwamba habari ya mtu haitoki kinywani mwetu. Niliapa na Biblia mkononi. Wenzangu wengine walikuwa wanaangalia saa, basi lisiwaache. Mimi niliapa.

Sasa kuhusu hizo sindano kuzidi wanawake, sisi hatukuwa na la kuficha. Siku ya gulio Igowole, wanawake wanatoka vijiji vya mbali, wameficha safari ya zahanati ndani ya safari ya kuuza viazi. Kwao hawachomi, maana kwao nesi ni shangazi wa mume. Wanakuja kwetu ambako hawajulikani. Kadi zao hawaendi nazo nyumbani, zinakaa kwenye boksi kabatini. Na majina wanaandikisha wanayotaka wao. Nesi haombi kitambulisho. Akiomba, hawarudi.

Lakini mtu niliyemhofia hakuwa wa mbali. Alikuwa jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, tunaimba naye sauti ya pili kwaya ya kina mama. Ana mabinti watatu, wote wametolewa kwa upasuaji. Wa mwisho walimkimbiza hospitali kubwa mjini, damu ikawa inapita godoro. Daktari akamwambia mji wa mimba umebaki mwembamba kama kanga iliyofuliwa miaka, mimba nyingine itachana mshono, na kwa barabara zetu hizi za matope hatafika popote. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda nikisikia.

Mume wake ni rafiki wa mume wangu, ananiita shemeji. Si mtu wa ngumi. Ila siku moja tukivuna mahindi kwao, mama yake alianza habari zake za mrithi, kwamba jina la mzee litazikwa na mabinti, na yule mume akasema mbele yetu wote, "Mwanamke wangu nikimkuta na mambo ya sindano, anabeba godoro lake anarudi kwao Kilolo. Watoto wanabaki hapa." Mke wake alikuwa anamenya mahindi. Aliendelea kumenya. Alikuwa ameshaanza kuchoma wakati ule.

Kwa hiyo wakija kuhakiki mlangoni, ama anafukuzwa, ama anaacha sindano ili asifukuzwe. Na akiacha, anabeba mimba. Na akibeba mimba, tunamzika. Niliizungusha hiyo kichwani siku mbili nzima, na kila nilipoizungusha ilifika makaburini.

Nikaomba Mungu lisichaguliwe jina lake.

Lilichaguliwa.

Aliyekuja kwa upande wetu alikuwa dada wa takwimu, binti mdogo tu, viatu vya mvua, kishikwambi amekifunga kwenye mfuko wa nailoni maana kulikuwa na manyunyu. Alikuwa na adabu. Alinywa chai yetu, akaomba radhi kwa usumbufu, halafu akasoma majina ambayo mashine imemchagulia. La kwanza la kitongoji changu lilikuwa la yule jirani. Sio jina lake lenyewe. Alikuwa ameandikisha jina la mama yake mzazi, mama wa Kilolo. Nesi aliniangalia mara moja tu, akageukia kabati.

"Unamfahamu?" dada akaniuliza.

"Nyumba naifahamu," nikasema. Hiyo ilikuwa kweli.

Tukatoka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai, huoni mbele hatua chache. Nilikuwa natembea polepole makusudi.

"Dada," nikasema, "tungeanza na nyumba nyingine."

"Mama, mashine ndiyo imechagua. Nikianza kuchagua mimi, au wewe, huo sio uhakiki tena. Wakubwa wakiniuliza nitawajibu nini?"

Alikuwa sawa. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba alikuwa sawa.

"Na ukimkuta mume?"

"Nitasema tunafuatilia afya ya familia."

"Ni uongo huo."

"Sio uongo mama. Labda nusu."

"Nusu ya uongo ni sawa na nusu ya mimba."

Akacheka mpaka akasimama. Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Jina usilitaje. Tukifika, salimia, uliza habari za mtoto, niachie mimi." Akaitikia. Lakini alikuwa anaitikia huku anafuta maji kwenye kioo cha kishikwambi, na nadhani hakunisikia vizuri.

Tulimkuta bibi, mama wa yule mume, amekaa barazani anapukuchua maharage. Mume alikuwa uani anapasua kuni. Mke sikumwona, ila moshi wa jikoni ulikuwa unatoka.

"Kamwene bibi," nikasalimia.

"Kamwene, Mnyakyusa. Umetuletea tena watu wa kuandika? Mwaka ule mlituandika nyumba nzima, chandarua kikaja kimoja. Tumelala kwa zamu."

"Leo hatuna chandarua bibi."

"Najua. Ninyi mnakuja na kalamu tu. Karibu mwanangu, kaa, hicho kigoda hakina mguu mmoja lakini hakiangushi wageni."

Dada wa takwimu akakaa kwa wasiwasi, akasalimia, akauliza habari za mvua. Mume akaacha shoka, akaja kutusalimia na yeye, shemeji za nyumbani, za kwaya. Halafu yule dada, kwa adabu zake zote, akafungua kishikwambi na kusema, "Tunamtafuta mama mmoja wa hapa, ni habari ya afya tu." Akalisoma jina. Lote. Kwa sauti.

Sijui niseme vipi kilichotokea pale. Kwa Wahehe wanaoshika mila, mama mkwe ni wa kuogopwa. Mwanaume hali naye, hasimami naye njiani, na jina lake halitamki mpaka anaingia kaburini. Siku hizi wengine hawajali, wanapiga naye picha kwenye harusi. Huyu alikuwa anashika. Kwetu Rungwe ni mkamwana ndiye anamkwepa baba mkwe, mimi mwenyewe mama yangu nilimwona akiruka kichakani na ndoo ya maji kichwani kwa sababu babu anapita. Kwa hiyo nilielewa haraka kuliko yule dada. Yeye aliona tu mtu mzima amesikia jina, akavua kofia, akageuza uso, akaondoka nyuma ya nyumba bila kuaga.

Bibi akaangua kicheko. "Hee! Wanamtafuta mkweo! Umekimbilia wapi? Mwanangu, usilitaje tena hilo, kwake ni moto."

Halafu kicheko kikaisha, na macho yake yakabaki kwetu.

"Lakini yule mama anaishi Kilolo," akasema. "Hajawahi kulala hapa. Kwa nini mnamtafuta huku?"

Maharage yalikuwa yanadondoka kwenye ungo moja moja.

"Mnyakyusa. Nakuuliza wewe. Mkwe wa mwanangu ana nini na zahanati yenu?"

Mke alikuwa ametokea mlango wa jikoni, mtoto mgongoni, mwiko mkononi. Uji ulikuwa unamdondoka kwenye mguu na hakuhisi. Dada wa takwimu alimwona. Nikamwona anamwona. Akaangalia kishikwambi, ambapo chini ya lile jina umeandikwa umri, na mwanamke wa umri ule hawezi kuwa mama mkwe wa mtu mwenye ndevu. Akaangalia tena mlangoni.

Moyo wangu uliomba neno moja tu: fumba. Fumba, fumba.

Akafunga kishikwambi. "Bibi," akasema, "habari ya mtu ikiwa kwetu hatuisemi kwenye nyumba ya mwingine."

"Kwa hiyo anaumwa."

"Hata akiwa mzima hatuisemi. Hata yako wewe, siwezi kuisema kwa jirani."

"Yangu waambie tu, ni magoti." Lakini hakucheka. "Basi mmepotea njia."

"Labda tumepotea," dada akasema, tukasimama, kigoda kikaanguka.

Tukatembea mpaka kwenye miti ya miwati, nyumba haionekani tena. Hapo akasimama.

"Ni yule wa jikoni."

Nikageuka kuangalia kama kuna anayetufuata.

"Sikuulizi mama. Nakwambia tu nimeona." Akaufunga upya mfuko wa kishikwambi. "Hivi nimefanya nini pale? Ningemvunjia mtu nyumba yake."

"Bado hujamaliza," nikamwambia. "Utaandika nini?"

Akaeleza. Akiandika amepatikana, ni uongo, hajaongea naye. Akiandika hakupatikana, anaingia kwenye wale hewa, na hewa wakizidi, mgao wa sindano unakatwa kwa kituo kizima. Kuna njia moja tu ilibaki kwenye mwongozo wake: mteja aje mwenyewe zahanati, alinganishwe na kadi yake, aseme kwa mdomo wake kwamba ni yeye.

"Leo," akasema. "Mchana gari linanichukua. Kuanzia kesho niko tarafa nyingine."

Leo, na bibi ameshashtuka. Kumfuata siwezi, kumtumia simu siwezi, simu ya ile nyumba iko shingoni mwa bibi. Tukarudi zahanati. Dada hakutaka kwenda mlango mwingine tena, kwa hiyo wanawake wengine waliochaguliwa wa upande wa shule walikuwa wanaingia mmoja mmoja, nesi aliwapitishia ujumbe kupitia kliniki ya watoto, wanaonyesha kadi, wanasema ndiyo ni mimi, wanatoka haraka. Mimi nilikaa benchi la nje nikiangalia njia. Nilijaribu zaburi, nikaishia mstari wa pili, nikaanza tena.

Katika ukungu nikaona mtu anakuja. Sio mke. Mume.

Alikuja moja kwa moja, akakaa benchi lilelile, mwisho kabisa, kofia mkononi. Harufu ya kuni mbichi ilikuwa bado kwenye nguo zake.

"Shemeji."

"Shemeji."

"Yule mama... wa kule. Ni mgonjwa?"

"Sijasikia kama ni mgonjwa."

"Sasa serikali inamtafutia nini kwangu?"

"Siwezi kukwambia, shemeji. Niliapa. Hata ukileta shida yako wewe, mume wangu hataisikia."

Akawa anaizungusha kofia. Ndani tulisikia mtoto analia kwenye mizani.

"Nikikuuliza kitu kimoja moja kwa moja, utanidanganya?"

Mungu wangu. Siku zile mbili nilikuwa nimejiuliza kila swali isipokuwa hilo. Nilijua kabisa neno la kumwokoa rafiki yangu ni fupi, hapana, na lingeisha pale. Na nilijua pia kwamba nikilisema, kuanzia siku ile hakuna mwanamke kijijini ataniamini, maana watajua mdomo wangu unaweza kwenda popote.

"Sitakudanganya," nikasema. "Nitanyamaza."

"Kunyamaza kwako nako ni kusema."

"Basi usiniulize."

Nilikuwa najiandaa, akinyanyuka kwa hasira kuelekea nyumbani, nimtangulie kwa njia ya chini ya chai, nimtoe mke na watoto, niwapeleke kwangu, mume wangu apige kelele zake baadaye.

"Siku ile hospitali," akasema, "daktari alinijia mimi kwanza. Kabla hajamwambia yeye. Alikuwa amevaa gamboti, na gamboti zina damu. Akaniambia, baba, huyu wa mwisho. Ukimpa mimba nyingine umemuua wewe."

Hilo sikulijua. Mke naye hakulijua, muda wote ule.

"Na yale maneno ya siku ya mahindi?" nikamuuliza. Nilikuwa na hasira ghafla. "Ulisema anarudi kwao. Mbele ya watu. Mtu anamenya mahindi anakusikia."

"Mama alikuwepo."

"Mama alikuwepo! Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo shemeji, wewe umeapa, na mimi mama yangu simdanganyi. Hujawahi kumsikia akiuliza. Anauliza kila wiki. Nikiwa sijui, namjibu sijui, naona Mungu ndiye anachelewesha. Siku nikijua," akanyoosha kidole kuelekea mlango wa zahanati bila kuuangalia, "siku nikijua, itabidi niseme. Nikishasema, ndiyo basi. Usiniambie."

"Sijakwambia."

"Hujaniambia," akasema. "Vizuri."

Nilitaka kumwambia kwamba mwanaume anaweza kumwambia mama yake, mama, ninampenda mke wangu kuliko mrithi. Nilikuwa na maneno mengi. Lakini alikuwa ameshasimama, na niliogopa nikigusa kitu kitamwagika.

"Nimemwambia mama kwamba mtoto mdogo amepungua," akasema. "Nimemsindikiza mke wangu, ampime uzito. Wako pale chini, kwa fundi baiskeli. Mtoto nimembeba mimi mpaka pale."

"Huyo mtoto amepungua kweli?"

"Mpimeni, si ndiyo kazi yenu."

Akaondoka. Na baada ya muda mke akaja peke yake na mtoto, uso umekauka, macho yanatafuta pembeni kama ya mtu anayefuatwa. Alipita mbele yangu bila kusalimia. Nilimfuata ndani, nikafunga mlango.

Dada wa takwimu alisimama alipomwona. "Mama, nisamehe," akasema.

"Fanya haraka," mke akasema. "Yuko pale barabarani. Sijui anataka nini. Amenileta hapa mwenyewe, hajasema neno njia nzima." Akanigeukia mimi. "Dada, amekuuliza? Umemwambia?"

"Hajauliza," nikasema. "Na mimi sijamwambia."

Alinitazama kuona kama namficha. Yale ya gamboti nikayameza, kwa sababu na yeye mume alikuwa mtu wa kijiji kile kama wengine, na habari yake ilikuwa yake.

Nesi alitoa kadi kwenye boksi. Dada akasoma jina, safari hii kwa sauti ya chini kabisa. Mke akasema, "Ni mimi." Dada akaweka alama yake. Nesi akaangalia tarehe, akasema siku zake zimekaribia, bora achome leoleo asihangaike kutoka tena. Mke akavuta mkono wa sweta juu. Mkono wake ulikuwa mgumu kama kuni, nesi akamwambia alegeze, akashindwa kulegeza, akachomwa hivyohivyo.

Mtoto tukampima. Alikuwa ameongezeka vizuri.

"Nitamwambia nini bibi?" mke akauliza. "Akiniuliza uzito?"

"Mwambie ameongezeka," nikasema. "Ndiyo kweli."

Nilisogeza pazia la dirisha. Manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua. Mume alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, kwenye mvua, na kibanda cha fundi kiko hatua mbili kando yake. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Pikipiki ilipita ikamrushia matope, hakugeuka. Mke alifunga mtoto vizuri, akavuta mkono wa sweta ukashuka mpaka kwenye vidole, akatoka. Alipofika barabarani akakohoa kidogo, na hapo ndipo yule mume alipogeuka, akampokea mtoto, wakaondoka.